Namna ya Kuisoma Nyumba Kongwe ya Mji Mkongwe Kabla Hujabandua Plasta

Kabla hujamwita fundi akaanza kubandua plasta, ipe nyumba muda wako kwanza. Nasema hivi nami ni mwashi, riziki yangu yote inatokana na hiyo hiyo kazi ya kubandua na kupaka. Nimezaliwa Kokoni, mtaa wa huu Mji Mkongwe wa Zanzibar, baba yangu alikuwa mwashi wa chokaa, na nilianza kumshikia ndoo nikiwa bado skuli. Watu wanaoniita ni waliorithi nyumba, walionunua, au waliopangishwa na Serikali, na swali lao la kwanza ni kazi itakula kiasi gani. Mimi nawauliza langu: nyumba hii ni ya lini, imejengwa kwa awamu ngapi, nani kaishi humu? Wengi hawajui, na baadhi yao huniona nawachelewesha. Lakini plasta ikishaanguka na kifusi kikashapelekwa jaani, hapana ofisi hapa Unguja itakayokurudishia kilichokuwemo.

Haya ninayoyaandika ni kwa mtu wa kawaida mwenye nyumba ya mawe, iwe Shangani, Malindi, Kiponda, Mkunazini au Sokomuhogo. Aliyeko Pemba, Wete au Chake, njia ni hiyo hiyo. Huhitaji kuwa umesomea historia. Tafuta daftari, penseli, tepu ya kupimia, uzi wenye timazi (kizito cha kuning'iniza kupimia wima), tochi yenye mwanga mkali, kisu kidogo chenye makali, na simu ya kupigia picha.

Kuta zina habari kuliko wenyewe

Anza kwa kuchora. Chora kila ghorofa kwenye ukurasa wake, chumba kwa chumba, na uandike unene wa kila ukuta. Usione uvivu hapa, kwa sababu unene ndio utakaokuonyesha upi ulikuwa ukuta wa nje na upi ni kikingio cha juzi. Ukuta wa asili wa nyumba zetu ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa chokaa na udongo, na mara nyingi unapita nusu mita. Ukikuta ndani ya nyumba ukuta mnene kama ule wa barabarani, na upande wa pili wake kuna vyumba vyenye kuta nyembamba, jua kuwa pengine nyumba iliishia pale, na hivyo vyumba vimeongezwa baadaye.

Kisha pima upana wa vyumba. Utashangaa jinsi vinavyofanana: virefu kama ushoroba, lakini upana hauzidi mita tatu, na mara nyingi haufiki. Sababu iko juu ya kichwa chako. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukupi gogo refu la kutumainiwa zaidi ya hapo. Boriti zilikatwa kwenye delta ya Rufiji na pande za Lamu, zikaletwa kwa majahazi, na mjenzi akaipangia nyumba yake kwa urefu wa boriti. Chumba kikiwa kipana zaidi, tazama kinachobeba dari yake. Ukiona mbao za kupasuliwa, au chuma, au tao katikati, hapo kuna fedha nyingi au kuna zama nyingine. Chuma cha kujengea kilionekana sana mjini enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Veranda za Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga 1883, zimebebwa na nguzo za chuma. Ukikuta chuma kwenye nyumba yako, andika, na uipige picha alama yoyote ya kiwanda iliyomo.

Sasa kazi ninayoipenda kuliko zote. Subiri usiku, zima taa zote, kisha shika tochi uibandike karibu na ukuta, mwanga wake upite juu ya ukuta kwa ubavu, usiuelekeze usoni mwa ukuta. Kila bonde na kila tuta litatoa kivuli. Mchana utauona ukuta mweupe ulionyooka, lakini kwa mwanga huo utaona mstari wa tao la mlango uliozibwa, au fremu ya dirisha, au kidaka, yaani tundu la ukutani la kuwekea vitu, kilichojazwa mawe. Gonga kwa kifundo cha kidole: palipozibwa husikika sauti tofauti na penye ukuta wa asili. Weka alama kwa penseli na uchore kwenye ramani yako. Mlango uliozibwa baina ya nyumba mbili ni habari kubwa, maana huenda zilikuwa nyumba moja, au za ndugu wawili, mirathi ikazigawa.

Ukishamaliza vivuli, nenda kwenye pembe ambapo kuta mbili zinakutana. Kuta zilizojengwa pamoja mawe yake yanaingiliana. Kuta zilizojengwa kwa nyakati mbili hugusana tu, na baada ya miaka hutoka ufa wima, ulionyooka, kuanzia chini hadi juu. Watu wakiuona ufa huo huingia hofu kwamba nyumba inaanguka. Weka timazi kwanza. Ikiwa kuta zote mbili zimesimama wima, ufa huo ni mpaka wa umri tu. Ukimulika ndani yake ukaona plasta ya ukuta mmoja inaendelea kupita nyuma ya mwenzake, huo wenye plasta ndio mkubwa wao, na zamani ulikuwa unanyeshewa mvua.

Kisu kinaingia sasa. Tafuta mahali pasipoguswa sana, nyuma ya ubao wa mlango au ndani ya kidaka. Kata dirisha dogo la ukubwa wa kiberiti, ukwangue kwa ngazi: ngazi ya kwanza rangi ya dukani ya sasa, ya pili iliyoko chini yake, na kuendelea mpaka ufike kwenye plasta ya kwanza. Utakuta rangi za mafuta, chini yake chokaa iliyotiwa buluu au manjano au kijani, chini yake chokaa nyeupe tabaka juu ya tabaka, kila moja nyembamba mno. Hesabu. Fanya hivyo katika kila chumba, kisha linganisha. Chumba chenye matabaka machache kuliko jirani yake ama kimeongezwa, ama kimewahi kubanduliwa. Piga picha kila dirisha kwa karibu, na rula pembeni.

Neno juu ya chokaa yenyewe, kwa kuwa mtu asiyeijua hataweza kuitofautisha na saruji. Kisiwa chetu hakina dhahabu wala almasi; utajiri wake wa ardhini ni jiwe, na mji huu wote umechimbwa. Mashimo ya machimbo ya mawe bado yapo mashamba. Jiwe bora lilikuwa la kujengea, na mawe mengine yalichomwa. Tanuri la kienyeji ni duara la magogo, mnazi na miti mingine, yamepangwa kwa ustadi, mawe ya matumbawe yakamwagwa juu, moto ukatiwa katikati. Yakishaiva yakapoa, yanamwagiwa maji, yanafura na kuvunjika kuwa unga, na chokaa hiyo huachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumiwa. Ndiyo maana ukivunja kipande cha plasta ya zamani utaona ndani yake vidonge vyeupe na chembe za mkaa. Saruji haina hivyo. Ni ya kijivu, ngumu, inakwaruza kisu. Palipo na saruji pana mkono wa karne ya 20 au wa sasa. Na mara nyingi utaona pembezoni mwake ukuta unatoa chumvi na kumong'onyoka, maana chokaa hupumua na saruji huziba, maji yakitaka kutoka yanatokea ubavuni.

Usisahau kupanda juu. Nyumba nyingi za kwanza zilikuwa na sakafu bapa juu, iliyopigwa kwa chokaa, na paa la bati likaja kuwekwa baadaye kwa sababu ya mvua za masika. Ingia chini ya bati na tochi yako. Ukikuta sakafu ya zamani ya chokaa na ukingo wake bado upo, umekuta paa la kwanza la nyumba yako.

Mlango si shahidi wa peke yake

Kila anayeingia Mji Mkongwe hukimbilia mlango, na ni haki yake, maana nakshi zetu hazina mfano. Lakini kwa historia ya nyumba, mlango usiuamini mpaka umeuhoji. Milango imeuzwa, imehamishwa, imeingizwa hotelini, imetolewa nyumba iliyoanguka ikapachikwa iliyosimama.

Hoji hivi. Kwanza tazama fremu inavyoingia ukutani. Desturi ilikuwa fremu isimamishwe kwanza na ukuta ujengwe kuifuata, kwa hiyo fremu ya asili imeumwa na mawe pande zote, na plasta ya zamani inaigusa bila pengo. Ukiona ukanda wa saruji kuizunguka, au vipande vya matofali vimejazwa, mlango ni mgeni. Pili, tazama umbo. Mlango wenye kizingiti cha juu kilichonyooka, mbao mbili pana na mfaa, yaani mti wa katikati zinapokutana mbao hizo, uliojaa nakshi, ndio mtindo wa zamani zaidi wa Waarabu wetu. Wenye tao juu, na maua mengi ya kujipinda, ulienea mwishoni mwa karne ya 19. Ule wenye mbao zinazokunjwa na miraba midogo midogo ni wa Kigujarati, na mara nyingi uko penye duka chini na nyumba juu, katika mitaa ya biashara. Misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka haithibitishi umri, kwani inawekwa hata leo.

Tatu, soma. Baadhi ya milango ina aya ya Qur'ani kwenye kizingiti cha juu, na mingine ina mwaka wa Hijria. Angalia nambari kwa makini: tano ya Kiarabu ni duara, sifuri ni nukta, na rangi ikipakwa mara kadhaa nukta hupotea. Ukipata mwaka, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1301 unakupeleka 1883 au 1884. Jaribu hesabu hii kwenye maandishi ya mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, yaliyochongwa mwaka 500 wa Hijria: utapata 1107, na huo ndio mwaka wake. Nyumba za mjini hazifiki huko. Mji wa mawe tunaoujua ulikua hasa karne ya 19, Sayyid Said, mtawala wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja na karafuu zikaleta fedha. Mtu akikwambia nyumba yake ya ghorofa tatu ina miaka mia tano, mheshimu, lakini usiandike.

Hali hiyo hiyo ya kutazama kwa jicho la umri itumie kwa vitu vingine: baraza ya nje kama imeungana na ukuta au imebandikwa, ngazi kama za mawe au za mbao, roshani kama boriti zake zinaingia ukutani au zimeshikiwa kwa vyuma. Roshani za mbao zilizotobolewa nakshi, nyingi ni za nusu ya pili ya karne ya 19 na kuja huku. Na ukiona madirisha yenye matao ya mtindo wa Kiarabu yaliyochanganywa na mpango wa Kizungu, kumbuka majengo ya J. H. Sinclair, mkoloni aliyebuni Mahakama Kuu ya Vuga ya 1908 na jumba la makumbusho la Mnazi Mmoja la 1925. Waashi waliojenga kazi zake walijenga na nyumba za watu, na mitindo ilihama.

Karatasi

Ukishaisoma nyumba, ndipo uende kwenye karatasi, maana sasa una maswali. Anayekwenda ofisini na swali la "nataka historia ya nyumba yangu" atazungushwa. Anayekwenda na swali la "nataka kujua nani alimiliki nyumba hii ilipozibwa mlango wa upande wa jirani" atasaidiwa, hata kama karani hajawahi kuulizwa swali hilo.

Anzia nyumbani kwako. Sanduku la marehemu, bahasha ya risiti, hati ya mauziano, barua ya kupangishwa, karatasi ya mirathi kutoka kwa Kadhi. Nenda kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa wako, umweleze unachofanya, kwa sababu utaanza kupiga picha vichochoroni na majirani watauliza. Kisha nenda kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Utalazimika kwenda tu, maana hakuna matengenezo bila kibali chao, lakini wengi huenda kuomba kibali na kuondoka. Uliza pia kama nyumba yako ina kumbukumbu. Mji huu una majengo zaidi ya 1,700, yamewahi kukaguliwa moja moja, na mpango wa hifadhi wa miaka ya 1990 uliyapanga kwa madaraja. Picha ya nyumba yako ya miaka thelathini iliyopita yaweza kuwa kwenye kabati pale, ikionyesha roshani ambayo wewe hukuwahi kuiona.

Kama unasikia fununu kwamba nyumba ni ya wakfu, usiibeze. Muulize Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyumba nyingi za mjini ziliwekwa wakfu kwa msikiti, kwa masikini au kwa kizazi cha mwenyewe, na hati ya wakfu husema mambo ambayo hati ya mauziano haisemi: nani alale chumba gani, kodi ya duka la chini iende wapi, nani asimamie.

Halafu Nyaraka, ofisi inayohifadhi kumbukumbu za Serikali, iliyoko Kilimani. Hapo nenda asubuhi, na kitambulisho, na daftari la penseli. Mafaili yanayoanzia herufi AA ni ya ubalozi mdogo wa Uingereza, ya AB ni ya Sekretarieti ya wakati wa himaya ya Waingereza iliyoanza 1890. Humo kuna maombi ya kujenga, malalamiko ya mifereji ya maji machafu, kesi za nyumba zilizotishia kuanguka, mabishano ya majirani juu ya ukuta. Magazeti ya Serikali yanayoanzia 1892 nayo yana matangazo ya minada na mirathi. Usitafute jina la nyumba, nyumba nyingi hazina. Tafuta jina la mwenye nyumba, na jina la mtaa, na ujaribu kuliandika kwa namna tatu nne, kwani makarani wa Kizungu waliliandika kila mmoja kwa sikio lake.

Hati za zamani zimeandikwa kwa Kiarabu, au kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, nyingine kwa Kigujarati na Kiingereza. Kama husomi, tafuta maalim anayesoma mwandiko wa mkono, usimpe mtu anayesoma msahafu tu, mwandiko wa hati ni kitu kingine. Mwombe asome hasa sehemu ya mipaka. Hati hutaja pande nne kwa majina ya majirani: upande wa kibla, yaani kaskazini kwetu huku, nyumba ya fulani, upande wa pili, njia, na kadhalika. Maana yake, hati moja inakupa wenyewe wa nyumba hadi tano. Ukikosa hati ya nyumba yako, tafuta ya jirani. Jina la mwenye nyumba yako huenda limo mpakani. Utakuta na majina mengi ya wanawake, wamiliki kamili na wenye hisa za mirathi. Waandike sawasawa, maana wakati nyumba inasimuliwa mitaani huitwa kwa jina la mume.

Baada ya Januari 12, 1964 karatasi zinabadilika sura. Nyumba nyingi zilitaifishwa, wenyewe wengi waliondoka, na wakaingia watu kutoka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na mashamba, familia nne tano ndani ya nyumba moja. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya namna hiyo. Vikingio vya mbao kwenye ukumbi, jiko la mkaa kwenye kila ghorofa, moshi juu ya boriti, vyote ni historia ya nyumba kama ilivyo nakshi ya mlango. Ninaowaona wanaandika "nyumba ilijengwa na tajiri fulani, ikaharibika, ikakarabatiwa" wameruka miaka ambayo watu wengi kuliko wakati wowote walizaliwa ndani yake.

Picha nazo ni karatasi. Studio za kina Gomes zilipiga mji huu tangu karne ya 19, na Capital Art Studio ya kina Oza imekuwepo tangu 1930. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyiko wa Winterton wa picha za Afrika Mashariki unaotazamika kwenye intaneti, na Zanzibar imo kwa wingi. Picha isiyo na tarehe unaweza kuikadiria kwa kinachoonekana nyuma yake. Mnara ukiwa umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, picha ni ya kabla ya Agosti 27, 1896, siku Waingereza walipopiga mizinga. Mnara wa saa ukiwa umeungana na jumba, ni baada ya hapo. Minara Miwili, yaani kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, ikionekana juu ya mapaa, ni miaka ya 1890 au baadaye. Maji ya pwani yakiwa bado yanaingia baina ya mji na Ng'ambo, pale ilipo leo Barabara ya Benjamin Mkapa, ni kabla ya kufukiwa.

Wazee

Wazee usiwaache mwisho kwa kudhani kwamba maneno ya asiye na karatasi hayana uzito. Waache mwisho kwa sababu ukienda umeshajua nyumba, mazungumzo hunoga. Nenda baada ya alasiri, usiende mikono mitupu, na usitoe simu mfukoni kabla hujaomba ruhusa. Mchukue mtu wa familia yao au jirani anayejulikana.

Usiulize mwaka. Uliza kitu. Hapo Kiponda nilikwenda na ramani yangu kwa bibi mmoja aliyewahi kukaa nyumba niliyokuwa nitaitengeneza. Baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana hali za watu wote, nikamwonyesha alama ya mlango uliozibwa.

"Bibi, hapa palikuwa na mlango?"

"Ala! Hapo si tulikuwa tunapita kwenda kwa Bi mkubwa kuchota maji? Harusini biriani lilipitishwa hapo, wanawake hawakutoka nje."

"Ulizibwa lini, bibi?"

"Nilikuwa nimeshamwachisha ziwa mwanangu wa kwanza. Sayyid Khalifa alikuwa hajafa."

Sultani Sayyid Khalifa bin Haroub alifariki Oktoba 1960. Mtoto ana cheti cha kuzaliwa. Hapo nikapata wakati wa mlango ule kwa karibu miaka miwili, jambo ambalo hakuna faili lingenipa. Jifunze nguzo za namna hiyo: kufa kwa Khalifa 1960, uhuru wa Disemba 1963, Mapinduzi, kuuawa kwa Mzee Karume Aprili 1972, kujengwa kwa majumba ya Michenzani, televisheni zilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Uliza "ilikuwa kabla au baada?" na mzee atakujibu bila kusita.

Kuna mambo mazito yatatoka. Mwengine atalia akitaja nyumba waliyoiacha 1964, mwengine atakwambia ndiyo siku aliyopata paa. Waandike wote wawili kwa maneno yao, usiwasuluhishe. Na mtu akisema "hili usiandike", funga daftari.

Hadithi za vichochoroni

Utaambiwa nyumba ina njia ya chini kwa chini hadi pwani. Utaambiwa watumwa walizikwa hai ndani ya nguzo. Utaambiwa kila chumba cha chini kisicho na dirisha kilikuwa gereza la watumwa. Kuwa makini hapa kuliko pengine popote, kwa sababu utumwa ulikuwepo kweli. Soko la Mkunazini lilifungwa 1873 na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa 1897. Kabla ya hapo nyumba nyingi za mji huu zilijengwa na zikahudumiwa na mikono ya watumwa, na majina yao hayamo kwenye hati. Lakini chumba cha giza cha chini, kikavu, chenye mlango mpana, mara nyingi ni ghala la karafuu, pembe au nguo. Tazama sakafu, tazama komeo liko upande gani, tazama mlango unatosha gunia au la. Andika "wakaazi husimulia kwamba..." pale unaposimulia, na "ukuta unaonyesha kwamba..." pale unapoona. Tofauti hiyo ndogo inawalinda hata hao watumwa wa kweli, wasichanganywe na hadithi za kuwavutia wageni.

Kuandika, kisha kazi

Andika kwa mpangilio wa awamu, sio wa wamiliki. Awamu ya kwanza: kuta gani, boriti gani, mlango gani, ushahidi upi. Awamu ya pili, nini kiliongezwa. Chini ya kila awamu weka watu: mmiliki, wapangaji, majirani, waliozaliwa. Kurasa kumi zinatosha. Toa nakala: moja ikae na familia, moja umpe jirani aliyekusaidia, moja uiombee nafasi Kilimani, moja uiambatanishe na maombi yako ya kibali cha matengenezo, kwani ina faida ya haraka pia: ofisa akiona umejua ukuta upi ni wa asili, mazungumzo yenu yanakuwa mengine.

Disemba 25, 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafa. Ni jumba lenye picha na michoro kuliko nyumba yoyote hapa, na hilo ndilo linalowezesha kulijenga upya kwa haki. Nyumba ya Kajificheni isiyo na mchoro hata mmoja ikianguka itajengwa kwa kubahatisha.

Kwa hiyo siku fundi anapoingia, mkabidhi ramani yako mkononi na mtembee pamoja chumba kwa chumba. Weka alama ya chaki nyekundu kwenye kila kipande cha plasta ya kwanza kitakachobaki, hata kama ni cha ukubwa wa sahani. Mwambie boriti yoyote isitolewe kabla hujapiga picha ncha zake zote mbili, na boriti mbovu ikatwe palipooza tu kama nguvu zinaruhusu. Kataa saruji kwenye kuta za matumbawe. Chokaa ilowekwe mapema, na kama fundi anasema hajui kuichanganya, tafuta mwengine, tupo. Kifusi kisitoke siku hiyo hiyo: kimwagwe uani, kipekuliwe na watoto wa nyumba, humo hutoka vigae vya sahani za Kichina, misumari ya kufua kwa mkono, shanga. Vitie kwenye mfuko wenye jina la chumba na tarehe. Na kila jioni, kabla hamjafunga mlango, piga picha ukuta ule ule kutoka mahali pale pale.